Muulize Anti Nesi: “Mume wangu anasema yeye mzima, mbona UTI hainiishi?”

Haya wapendwa, safari hii sijachanganya mada. Meseji zilizoingia tangu toleo lililopita nyingi zinauliza kitu kilekile, kila mtu kwa mlango wake, yani mwenzangu kaniambukiza nini au mimi nimempa nini, na kama yeye haumwi popote inawezekanaje. Majina nimeyatoa, na nimepunguza maneno pale mlipotukana maana wengine mlivyowaandika waume zenu ni balaa. Twende.

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 31, nipo Mbagala, nimeolewa na tuna watoto wawili. Tatizo langu mkojo unachoma, tumbo la chini linauma na natokwa na uchafu wa njanonjano hivi una harufu mpaka naona aibu. Nikienda duka la dawa naambiwa ni UTI sugu, napewa sipro na naambiwa ninywe maji mengi, natulia wiki mbili afu inarudi vilevile. Mume wangu anasema yeye hana tatizo lolote na mimi nimeutoa huo ugonjwa kwenye choo maana tumepanga nyumba ya wapangaji wengi na choo ni kimoja. Ni kweli choo kinaleta?

JIBU: Marahaba mama. Nianze na choo ili tukiondoe hapa. Vimelea vya kisonono na klamidia vikitoka kwenye mwili wa mtu vinakufa haraka, havikai pale chooni vikikusubiri. Choo kichafu kitakupa kuhara na minyoo, hicho sikitetei na hao wapangaji wenzio wawekeeni zamu ya usafi, ila hilo la uchafu wa njano wenye harufu hukulitoa huko.

Sasa hili jina UTI. Siku hizi kila kinachouma chini ya kitovu kinaitwa UTI. UTI ya kweli ni maambukizi ya njia ya mkojo na mara nyingi inaletwa na bakteria anaitwa E. coli, ambaye anaishi kwenye utumbo wako mwenyewe, anatoka nyuma anakuja mbele, na kwa sababu mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, kama sentimita 4 tu, anafika kwenye kibofu fasta. Ndo maana hata bibi wa miaka 70 ambaye mambo ya kitandani alishayasahau anaipata. Lakini UTI haitoi uchafu ukeni. Ukiona uchafu umebadilika rangi na harufu, tatizo lipo ukeni au kwenye shingo ya kizazi, na pale dukani hakuna mtu aliyekuangalia huko wala aliyeotesha mkojo wako maabara. Hiyo “sugu” wameipima kwa macho.

Kwa dalili ulizoandika, vitu vya kutafuta kwanza ni trikomonasi, klamidia na kisonono, na vyote vitatu vinapita kwenye kujamiiana. Kuna vingine viwili vinafanana navyo. Fangasi, ambayo inawasha sana na uchafu wake ni mweupe mzito, na ule mvurugiko wa bakteria wa ukeni unaoleta shombo kama ya samaki hasa baada ya tendo. Fangasi haihesabiwi kwenye magonjwa ya zinaa kabisa, mwanamke anaipata hata baada ya kutumia dawa za antibayotiki kwa muda mrefu, au akiwa mjamzito, au akiwa na kisukari, kwahiyo msije mkafukuzana nyumbani kwa ajili ya fangasi. Huo wa shombo wenyewe kwa miaka mingi tulikuwa tunamtibu mwanamke tu, ila utafiti wa Australia uliochapishwa 2025 umeonyesha mwanaume naye akitibiwa unarudi mara chache zaidi, kwahiyo hata hapo mwenza anaingia.

Kwanini sipro inakutuliza afu inarudi? Trikomonasi siyo bakteria, ni kimelea cha jamii nyingine, sipro haimgusi, dawa yake ni ile flajili mnayoijua. Kisonono nacho kimeizoea sipro siku nyingi, saivi kinatibiwa kwa sindano ya seftriaksoni. Klamidia inataka doksi ya siku 7 kamili. Kwahiyo we unameza dawa isiyo yake, labda inapunguza kidogo vijidudu vingine, unajiona umepona.

Na hata ungepewa dawa sahihi kabisa, mama, ukitibiwa peke yako ni sawa na kupiga deki huku bomba linavuja. Unamaliza dozi, umepona kweli, usiku unakutana na mume ambaye hajatibiwa, anakurudishia. Wengi mnaosema “dawa zimenishinda” dawa hazijawashinda, mmeambukizwa upya.

Hapa ndo naingia kwenye lile neno la mume, “mimi mzima”. Inawezekana kabisa hadanganyi. Trikomonasi kwa wanaume wengi haionyeshi kitu chochote. Klamidia, karibu nusu ya wanaume hawana dalili, na kwa wanawake ni kama watatu kati ya wanne hawasikii lolote. Kisonono ndo kinawasumbua wanaume waziwazi, usaha na kukojoa kwa machozi, ila mwanamke anaweza kukaa nacho miezi akidhani ana uchafu wa kawaida. Kwahiyo mtu kutoumwa hakuonyeshi kwamba hana, na hii inakuhusu hata wewe mwenyewe, maana inawezekana kilianzia kwako zamani kabla hujaolewa. Trikomonasi na klamidia zinaweza kukaa mwilini kimya kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Simtetei mume wako, simjui, lakini kipimo kinasema ugonjwa upo, hakisemi umeingia tarehe ngapi na kwa nani. Kwahiyo ugomvi uweke pembeni mpaka mtibiwe.

Cha kufanya: nenda kituo cha afya, na ukifika usiseme “nina UTI”, sema “natokwa na uchafu unanuka na tumbo la chini linauma”. Hiyo sentensi inabadilisha kila kitu pale ndani. Vituo vingi havina mashine ya kupima klamidia kwahiyo wanatibu kwa kufuata dalili, utapewa dawa za magonjwa mawili matatu kwa pamoja, na mume atatakiwa apewe za kwake hata kama haumwi. Waombe wakupime na kaswende na VVU hapohapo. Afu kaeni bila kukutana mpaka zipite siku 7 tangu wote wawili mmalize dawa. Wote wawili nimesema, siyo wewe umemaliza Jumatatu na yeye anaanza Alhamisi.

Ukiacha hivihivi vinapanda juu kwenye kizazi na mirija, ndo ile PID mnayoisikia, na mirija ikipata makovu mimba inagoma au inatunga nje ya kizazi, na mimba ya nje ya kizazi inaua mtu. Hayo maumivu ya tumbo la chini uliyoandika yananifanya nikuambie uende wiki hii.

Na acha kujiosha ndani na sabuni, siki au shabu. Najua mnaambiana kwenye vikao vya kina mama, najua na mnachotafuta. Uke una bakteria wake wa kuulinda, ukiwaosha umewafungulia wengine mlango, na shabu inakausha na kuchubua, pale penye mchubuko ndo virusi vinapita.

Kumwambia mume: usimwambie mkiwa kitandani wala mkiwa mmenuniana. Mwambie “dokta kasema dawa ni za watu wawili, za kwako hizi hapa” au mwambie anatakiwa afike mwenyewe. Ukiona ni mtu wa mikono, mwambie mhudumu kabla hujatoka chumbani, wanajua namna ya kumwita bila kukuweka wewe mbele.

SWALI: Anti mambo, mi ni dogo wa bodaboda Mwanza. Ijumaa usiku nilikuwa na demu mmoja tumejuana baa, kondomu ikapasuka katikati na sikujua mpaka nimemaliza. Leo Jumapili. Demu yuko fresh kabisa ananenepa. Nisubiri miezi mitatu nikapime au?

JIBU: Wewe nilishakujibu siku ileile maana jambo lako lina saa zake, nakuweka hapa kwa ajili ya wenzio. Kuna dawa za kuzuia VVU visikae mwilini baada ya tukio, zinaitwa PEP, na zinafanya kazi ukizianza ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa zinapungua nguvu. Unazitumia siku 28 bila kukata. Hazipo pale duka la dawa mtaani, nenda hospitali au kituo chenye CTC, yani kliniki ya huduma za VVU, hata kama ni Jumapili nenda mapokezi ya dharura useme kondomu imepasuka, basi, huna haja ya kutoa historia ya baa. Watakupima kwanza, maana kama ulikuwa na VVU kabla, matibabu yako ni mengine.

“Yuko fresh ananenepa” hiyo mdogo wangu futa kichwani. Mtu anayetumia ARV vizuri ananenepa, mtu aliyeambukizwa mwezi jana ananenepa, na asiye na kitu pia ananenepa.

PEP haizuii kisonono wala kaswende. Mwanaume akikutana mara moja bila kinga na mwanamke mwenye kisonono, makadirio ya siku nyingi ni kama mmoja kati ya watano anaondoka nacho, na upande wa pili ni mbaya zaidi, mwanamke kwa mwanaume mwenye nacho ni kama mmoja kati ya wawili. Kwa mwanaume dalili zikija zinakuja kati ya siku 2 na 7 hivi. Kaswende inaweza kuchukua wiki tatu na wakati mwingine mpaka miezi mitatu. Kwahiyo ukimaliza PEP utarudi kupima kama watakavyokupangia.

Na kondomu kupasuka mara nyingi ina sababu. Umeiweka kwenye pochi ya nyuma unaikalia kwenye pikipiki jua kali kutwa nzima, au umepaka mafuta ya nazi au Vaseline ili iteleze. Mafuta yanaila ile raba ndani ya dakika chache. Tumia kilainishi cha maji. Na yule dada naye mwambie, yeye saa 72 zinamhusu vilevile, au ulidhani risk ilikuwa ya kwako tu?

SWALI: Habari anti, mimi niko Kahama, mke wangu ana mimba ya miezi mitano, juzi kliniki wamempima hana Ukimwi. Nilivyoona hivyo nikashukuru kwa sababu hata mimi nilikuwa na wasiwasi wangu wa hapa na pale, sasa naona sina haja ya kupima. Isitoshe nimetahiriwa.

JIBU: Kaka, umempeleka mke akafanye mtihani wako. Haisaidii hata kidogo na nyie kina baba mnaofanya hivi mko wengi sana.

Majibu ya mke ni ya mke. VVU siyo kama kisonono, haviruki kila mara mnapokutana. Wataalamu wanakadiria, kwa tendo la kawaida ambapo mmoja ana virusi na hatumii dawa, mwanamke anaambukizwa kama mara 8 kwenye matendo 10,000, na mwanaume kama mara 4. Usishangilie, hayo ni makadirio ya wastani, na inapanda sana mtu akiwa na kidonda au ugonjwa mwingine wa zinaa, na inapanda zaidi ile miezi ya kwanza baada ya kuambukizwa kwa sababu hapo virusi vinakuwa vimejaa kwenye damu na mwenyewe hajui. Ndo maana tunaona wanandoa wameishi miaka, mmoja anavyo na mwingine hana. Kwahiyo we unaweza ukawa navyo na mkeo akawa hana, leo. Mwezi ujao sijui.

Sasa yeye ni mjamzito, na akiambukizwa kipindi hiki au akiwa ananyonyesha ni hatari zaidi kwa mtoto kuliko mama ambaye alijulikana mapema na yuko kwenye dawa, maana huyu alishapimwa akaonekana hana, hakuna anayemfikiria. Hao “wasiwasi wa hapa na pale” unaowasema ndo sababu ya wewe kwenda, na mpaka upate majibu tumia kondomu nyumbani. Najua utauliza utamwambiaje mkeo kuhusu kondomu wakati ana mimba tayari. Mwambie ukweli au mwambie kliniki wameshauri, utachagua mwenyewe, mi ningesema ukweli.

Tohara ni kweli inasaidia, ile mitihani mikubwa iliyofanyika Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu na Rakai Uganda ilionyesha inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Inampunguzia mwanaume. Mkeo haimlindi kama wewe tayari unavyo. Na asilimia 40 iliyobaki siyo ndogo.

Kliniki nyingi ukienda na mkeo mnahudumiwa kwanza kabla ya foleni, kwahiyo hata muda hupotezi.

SWALI: Shikamoo anti, mimi ni binti wa Morogoro. Mchungaji ametutaka tupime kabla ya ndoa, tumepima, VVU wote hatuna lakini mchumba wangu amekutwa na kaswende. Yeye anaapa kwamba aliugua miaka minne iliyopita kabla hatujajuana akachomwa sindano akapona. Mama yangu anasema ni muongo, mtu aliyepona hawezi kuonekana na ugonjwa. Harusi ni baada ya miezi miwili na michango imeshaanza kuingia.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama yako anakutakia mema lakini hapa mchumba anaweza kuwa anasema kweli tupu. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza dhidi ya kaswende, na hao kwa watu wengi wanabaki maisha yote hata ugonjwa ukiisha. Kwahiyo aliyetibiwa akapona na anayeumwa leo, kipimo hicho kinawaonyesha sawasawa. Kuna kipimo cha pili, VDRL au RPR, kinachopima kiwango, na hicho kinashuka mtu akitibiwa. Aende akapime hicho hospitali, na kama ana karatasi ya zamani aibebe walinganishe. Kama hana karatasi na kiwango kinatia mashaka atachomwa tena, penisilini haina hasara kwake kama hana aleji nayo, labda maumivu ya makalio siku mbili.

We pia upime, na kama mlishakutana bila kinga usitosheke na kipimo chako cha leo tu, maana kaswende inaweza kuchelewa kuonekana. Ninyi wasichana nataka muelewe jinsi huu ugonjwa ulivyo mjanja. Unaanza na kidonda kimoja kisichouma. Hakiumi kabisa, kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani usikione, na kinakauka chenyewe baada ya wiki chache bila dawa. Mtu anasema nimepona. Baadaye vinakuja vipele, vingine mpaka kwenye viganja na nyayo, havi­washi, navyo vinapotea. Kisha kimya miaka. Hapo ndani ndo unashughulika na moyo na ubongo, na ukishika mimba unapita kwa mtoto, anaweza kufia tumboni au kuzaliwa nao. Na wakati wote huo sindano moja ya penisilini ya muda mrefu, ikiwa ni ya mapema, ingeumaliza. Uliokaa zaidi ya mwaka unachomwa mara tatu, wiki kwa wiki.

Michango iendelee.

SWALI: Anti naomba usinitaje hata mkoa. Je kuzama chumvini kunaambukiza?

JIBU: Ndiyo, mapenzi ya mdomo yanaambukiza, ila siyo kila kitu kwa kiwango kimoja. VVU kwa njia hiyo ni nadra sana. Kisonono kinakaa kooni vizuri tu na mara nyingi hakionyeshi dalili, mtu anahisi koo kavu anakunywa tangawizi. Kaswende inapita ukigusa kidonda. Herpesi ndo inapenda njia hii, vile vipele vya mdomoni wengi mnasema ni homa tu, mwenye navyo akizama anavipeleka huko chini, na virusi vyake vikiingia haviondoki, vinatulizwa kwa dawa. Kwahiyo mdomo ukiwa na vipele au kidonda, pumzika. Hata mkoa sijataja.

SWALI: Habari ya kazi anti. Mimi ni mwanamke wa miaka 28, nimempata mwanaume ananipenda na ameniambia wazi kwamba anaishi na VVU tangu 2017, anatumia dawa, na CTC wamemwambia virusi vyake havionekani kwenye kipimo. Tunataka mtoto. Dada yangu ananiambia nimechanganyikiwa. Risk yangu ni kiasi gani?

JIBU: Nimefurahi kuisoma meseji yako kuliko zote, maana huyo mwanaume amekuambia kabla, wengi hapa juu wanatafuta jinsi ya kutosema.

Jibu fupi ni kwamba kama kweli virusi havionekani na anaendelea na dawa bila kukata, risk ya wewe kupata VVU kwake kwa kujamiiana ni sifuri. Sijasema ndogo. Kulikuwa na utafiti mkubwa wa Ulaya unaitwa PARTNER, majibu yake ya kwanza yalitoka 2016, walifuatilia wapenzi ambao mmoja anavyo yuko kwenye dawa na mwingine hana, wakakutana bila kondomu kama mara 58,000, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake. Majibu ya 2019 kwa wapenzi wanaume yakawa hivyohivyo. Shirika la Afya Duniani nalo limelisema waziwazi 2023. Dada yako anayo elimu ya zamani, ya wakati tunaona watu wanakufa wodini, simlaumu, mimi mwenyewe ile miaka siisahau.

Lakini neno “kama kweli” lina kazi. Usitosheke na kuambiwa. Nendeni wote CTC kwake, akubali mhudumu akueleze kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi kilikuwa lini na kilisema nini. Mtu aliyeanza dawa juzi anahitaji kama miezi 6 ndo virusi vishuke na vitulie. Mtu anayeruka dozi kwa sababu ya safari au kwa sababu ameenda kuombewa akaambiwa amepona, huyo hesabu yake imevunjika. Maana ukishafunga ndoa utakuwa unauliza “umemeza?” kama unavyouliza amekula.

Ukiwa bado na woga, ongea nao kuhusu PrEP, kidonge cha kila siku unachomeza wewe usiye na virusi. Kwa hali ya mwenzio siyo lazima lakini wengi wanaitumia kipindi cha kutafuta mtoto ili walale usingizi. Na kumbuka virusi kutoonekana ni habari ya VVU tu, kisonono na kaswende havina habari na ARV, mnapima kama watu wengine.

SWALI: Anti, niko Morogoro pia, nimetokewa na masundosundo sehemu za siri, mwenza wangu hana. Ni saratani? Na kwanini nipate wakati tunatumia kondomu?

JIBU: Siyo saratani. Yanaletwa na kirusi kinaitwa HPV, na aina zinazoleta masundosundo kwa kawaida siyo zile zinazoleta saratani ya shingo ya kizazi, ila mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote. Kondomu inapunguza, haifuniki ngozi yote ya pembeni na hiki kirusi kinapita ngozi kwa ngozi. Kinaweza kukaa miaka kimya ndo kikajitokeza, kwahiyo hapo napo usihesabu miezi ya uaminifu wa mtu. Usiyachome mwenyewe na dawa za kienyeji, nenda wakuyatoe. Kama ni mwanamke na umeshafika miaka 30, omba kipimo cha shingo ya kizazi, kile cha siki, dakika chache tu na vituo vingi wanafanya. Binti zenu wa miaka 9 hadi 14 wapelekeni chanjo, Tanzania ilianza nchi nzima 2018 na tangu 2024 ni dozi moja tu.

SWALI: Asalaam aleikum anti. Mimi ni dereva, niko Muscat mwaka wa pili, narudi Tanga mwisho wa mwezi kwa likizo. Mke wangu kanitumia voisi anasema nikifika twende kupima kwanza ndo tulale chumba kimoja. Nimeumia sana anti, sikulala. Kwanza mimi nilipimwa kila kitu wakati wa viza, VVU, homa ya ini, kaswende, na cheti ninacho.

JIBU: Waaleikum salaam baba. Pole kwa kuumia, lakini soma tarehe ya hicho cheti. Kinasema ulikuwaje siku ile unaondoka. Miaka miwili iliyofuata hakijui chochote, kama ambavyo na wewe hujui ya kwake, na ndo maana amesema “twende”, hakusema “nenda”.

Mkifika pale wapimwe wote, VVU, kaswende na homa ya ini B. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau, inapita kwenye kujamiiana kirahisi kuliko VVU na inaharibu ini taratibu, ila ina chanjo, mtu mzima anachomwa mara tatu ndani ya miezi sita, mkikutwa hamna chomeni wote. Kama kuna yeyote kati yenu alikutana na mtu mwingine ndani ya miezi mitatu iliyopita, kipimo cha VVU cha siku hiyo hakitoshi, tumieni kondomu na mrudie miezi mitatu ikitimia, na likizo yako ni fupi kwahiyo hilo muongee kwenye simu kabla hujapanda ndege, siyo mkiwa benchi la maabara.

Na voisi yake mjibu leo, usimuache bila jibu. Mwambie atafute siku ya katikati ya wiki, Jumatatu foleni maabara huwa ndefu.